Paneli Nne Upande wa Kibla

Si fundi Salimu aliyekosea. Ni mimi. Nimeziandika sentensi hizo na dari haijaniangukia, kwa hiyo naendelea: mwaka ule paneli nne za jua zilipofungwa upande usiofaa wa paa la shangazi yangu Mwanakombo, kule Msambweni, aliyeuchagua upande huo ni mimi, kwa kinywa changu mwenyewe, kitabu kikiwa mkononi na mita ya kupimia umeme ikiwa ndani ya mkoba. Fundi Salimu alinikataza mara mbili, kwa adabu, kabla hajapanda ngazi. Kwa miaka mingi nimelikana jambo hili. Sikulikana kwa kusema uongo waziwazi, maana nimesoma chuo kikuu na huko tulifundishwa njia bora zaidi. Nililikana kwa kunyamaza, kwa kutabasamu, kwa kujifanya natafuta kijiko kila kisa hicho kilipoanza kusimuliwa.

Kilisimuliwa tena mwezi uliopita, katika hitima ya fundi Salimu mwenyewe, nyumbani kwake Ukunda. Sisi wanawake tulikuwa chumba cha ndani tumezunguka sinia la pilau, wanaume wakiwa barazani, na kati yetu pazia jepesi lisilozuia hata harufu, sembuse maneno. Nikaisikia sauti ya Hamadi, mtoto wa shangazi, ambaye siku hizi ana mvi na kitambi lakini sauti yake ni ileile ya kupigia kelele meli bandarini. "Fundi huyu, Mungu amrehemu, alikuwa hana mpinzani Diani nzima," alisema. "Alikosea mara moja tu maishani mwake, na makosa yenyewe akaja kuyafanyia kwa mama yangu! Sola nne, zote akaziangalisha kusini, Lunga Lunga!" Baraza zima likacheka, kile kicheko cha upole cha watu waliotoka kuzika. Pembeni yangu mjane wake, Bi Rukia, naye akacheka huku akijifuta macho kwa ncha ya leso. "Mwenyewe alikuwa akikubali," akaniambia. "Ukimuuliza imekuwaje, anakwambia siku ile nilikuwa na homa." Nikauma karafuu nzima. Nilishukuru kuipata, kwa sababu ilinipa sababu ya kutoa machozi ambayo hakuna aliyeyahoji.

Mwaka wenyewe nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Mkataba wangu wa kufundisha fizikia katika chuo kimoja cha bara ulikuwa umekwisha na hakuna aliyeonyesha haraka ya kuuhuisha, basi nikaja Msambweni na begi moja la nguo na mawili ya vitabu, kumwona shangazi kwa wiki mbili. Nilikaa mwaka. Nilipewa chumba cha kushoto ukiingia, chenye kitanda cha besera, na dirisha ambalo asubuhi lilileta harufu ya mahamri ya jirani na jioni harufu ya samli. Nyumba ilikuwa na vyumba vinne, viwili kila upande wa ukumbi mrefu uliokwenda moja kwa moja hadi uani, na ukumbini ndiko maisha yote yalikopita: kula, kusuka ukili, kusengenya, kuswali, kugombana. Paa lilikuwa la mabati, ila zamani lilikuwa la makuti. Makuti hutaka mwinuko mkali ili maji yateleze, na siku yalipotolewa hakuna aliyehangaika kubadilisha makombamoyo. Mabati yakapigiliwa juu ya miti ileile, na nyumba ikabaki na paa lililosimama kwa kiburi kuliko paa lolote la bati mtaani. Ubavu mmoja ulielekea kibla, ambayo kwetu ni kaskazini karibu sawasawa. Ubavu wa pili ulielekea kusini. Nakuomba msomaji uushike mwinuko huo kichwani, kwa sababu ndio ulioniumbua.

Shangazi alikuwa na sukari, na mwaka ule muuguzi alikuwa amemtoa kwenye vidonge akamtia kwenye sindano. Dawa ya sindano hutaka baridi, na nguzo za stima zilikuwa zimeishia barabara kuu, mbali na kwetu. Kwa miezi kadhaa chupa zake zilikaa ndani ya friji ya soda ya duka la barabarani, na kila wiki alikwenda kuchukua moja. Siku moja akakuta chupa zote zimeganda kuwa barafu, zimebanwa nyuma kabisa na kreti la soda, hazifai tena. Hamadi aliposikia habari hiyo alikuja kutoka Likoni siku ya pili yake. Alikuwa na nyumba ya kupanga ghorofa ya tatu, ina stima, ina friji, ina chumba cha ziada. "Mama, unakuja kukaa na mimi," alisema. "Si mazungumzo tena."

"Ghorofa ya tatu," alisema shangazi. "Kuku wangu nitawafuga wapi, bafuni?"

"Kuku si uhai, Mama. Dawa ndiyo uhai."

"Baba yako nimemzikia hapa. Minazi yangu ipo hapa. Huko nitakaa kwenye kiti niangalie ukuta, na nikichoka ukuta huu nigeuke niangalie ule."

Ndipo mimi, mdomo umejaa wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikasema sentensi iliyonigharimu mwaka: "Lakini jua lipo. Paa hili linaweza kuzalisha umeme wa friji na ziada juu yake." Wote wawili wakanigeukia. Nilisukuma sahani pembeni, nikaomba kalamu, nikaanza hesabu nyuma ya bahasha ya eksirei. Paneli ya wati mia, ikipata jua kali kwa saa moja, inatoa wati mia kwa saa moja. Paneli nne, wati mia nne. Jua kali la Msambweni, ukilikusanya asubuhi hadi jioni, ni kama saa tano na nusu za jua la adhuhuri. Zidisha, unapata uniti mbili na zaidi kidogo kwa siku, uniti zilezile watu wa stima wanazonunua. Friji ndogo ya betri hula kama nusu uniti, taa na redio na simu hazifiki nusu nyingine. Nilipiga mstari chini ya jibu mara mbili. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile, kuona fizikia, ambayo kwa miaka minne nilikuwa nimewalisha wanafunzi waliolala, imekaa katikati ya sahani za chakula ikiamua mtu ataishi wapi.

Hamadi ni mtu wa haki. Aliitazama bahasha ile muda mrefu, kisha akaweka sharti mbele ya mama yake na mbele yangu. Vifaa atanunua yeye. Lakini friji ifanye kazi mwaka mzima, kaskazi na kusi, isizime. Ikizima dawa ikaharibika, mama anahamia Likoni na hakuna tena maneno ya kuku. Shangazi alinipa mkono kana kwamba ameniozesha. "Haya, profesa," akasema. "Usiniaibishe."

Fundi Salimu aliletwa kwetu na sifa zake. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye kofia ya kiua isiyotoka kichwani hata juu ya ngazi, na alikuwa amefanya kazi miaka ishirini katika mahoteli ya Diani akitengeneza mitambo ya kupasha maji juani. Alikuja mwezi wa kumi na mbili, akaizunguka nyumba, akanywa chai, akaangalia bahasha yangu kwa heshima. "Mwalimu, hesabu nzuri," alisema. "Ila hii mia iliyoandikwa nyuma ya paneli ni mia ya kiwandani. Huko hakuna joto la bati, hakuna vumbi, hakuna chumvi ya bahari, hakuna kunguru. Kata robo." Nikakata robo, nikabaki na uniti moja na nusu hivi, na nikaona bado tuna nafasi. Kisha akaelekeza kidole. "Tutazifunga ubavu wa kibla."

Nilicheka. Nalikumbuka cheko lile vizuri kuliko ninavyokumbuka harusi yangu. Nilidhani ni mambo ya dini, kwamba mzee wa watu anataka hata paneli zielekee anakoelekea yeye akiswali. Nilimfungulia kitabu changu, kitabu kinene kilichochapishwa ng'ambo, na nikamwonyesha mchoro: nyumba, mti usio na majani, mshale, na maneno yasemayo paneli zielekee kusini. Fundi Salimu aliutazama ule mti usio na majani. "Sola za maji za mahoteli yote nimezielekeza kibla," alisema. "Hakuna mzungu aliyewahi kuoga maji baridi." Nikasema tusibishane, tupime. Mimi mwanasayansi! Saa sita na ushei, jua likiwa juu, tukashika paneli moja ubavu wa kibla, nikasoma mita. Tukaihamishia ubavu wa kusini, nikasoma tena. Kusini ilishinda, wala si kwa kidogo, ilishinda karibu maradufu. Niliuinua ule mkono wenye mita kama mpira wa miguu umeingia golini.

Fundi Salimu aliipaka mikono yake vumbi la ukuta ili isiteleze, akaniambia polepole, "Mwalimu, huu ni mwezi wa kumi na mbili."

"Ndiyo, najua," nilisema, nisijue kitu. Akapanda ngazi akazifunga kusini.

Na Mola alivyo, akanipa miezi mitatu ya fahari. Kaskazi ilivuma, mbingu zilikuwa safi, na kisanduku cha kupokelea umeme, ambacho fundi alikiita kontrola, kilikuwa na kioo kidogo chenye kuonyesha umeme uliopatikana siku nzima. Kila jioni, shangazi akishamaliza kuswali magharibi, nilikwenda chumba cha betri na tochi na daftari, nikarudi ukumbini kutangaza. "Moja nukta saba!" "Moja nukta nane!" Jirani walianza kuuliza namba kabla ya kuuliza hali. Shangazi, ambaye hakuwa na habari ya uniti ni kitu gani, alijifunza kwa njia yake: uniti moja ni friji usiku na mchana, pamoja na taa zote, pamoja na taarifa ya habari ya redioni, kinachozidi ni cha simu za watu. Siku namba ilipofika moja nukta tisa alipiga kigelegele peke yake, chungu cha mboga ya mchunga kikiwa jikoni, na akaniita kwenda kuiona friji, kana kwamba imenenepa. Ndani yake mlikuwa na chupa za dawa juu, mstari mmoja, na chini maji ya ukwaju ya kila mgeni aliyepita. Watu walikuja kunywa jua, ndivyo shangazi alivyosema: "Karibu unywe jua langu." Nami nilitembea Msambweni nikiwa kama mtu aliyeligundua.

Mwezi wa nne namba ilishuka hadi moja kamili. Nikasema ni mvua za masika. Mwezi wa tano ikashuka hadi nukta nane, hata siku zisizo na mvua. Nikasema ni kunguru, na kweli walikuwa wamezinyea, nikapanda ngazi na ndoo ya maji na sifongo, nikaziosha mpaka nikajiona usoni mwake. Nukta nane. Nikasema ni chumvi. Nikasema ni nyaya, nikamwita fundi Salimu, akakagua kila kiungo, akaviona vizima, akaniangalia kidogo, akaondoka. Nikasema muuzaji wa Ukunda ametuuzia mali bandia, nikaenda hadi dukani kwake nikamsomesha mbele ya wateja wake, na leo namwomba radhi. Sikusema hata siku moja kuwa ni mimi. Mwezi wa sita ukaingia na namba ikawa nukta sita. Shangazi alizima taarifa ya habari, kisha redio yote, kisha akawaambia jirani simu zao zipumzike. Asubuhi moja nilimkuta amesimama mbele ya friji, mkono juu ya mfuniko, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Ilikuwa kimya. Betri zilikuwa zimekwisha mapema usiku. Chupa za dawa zilikuwa na joto la chumba.

"Nyamaza usimwambie Hamadi," alisema. Lakini dawa mpya ilibidi iagizwe, na aliyekuwa akiiagiza kutoka Mombasa alikuwa Hamadi.

Alisema atakuja Jumamosi. Ile Alhamisi kabla ya Jumamosi hiyo mbingu zilitakata, nikatoka uani mchana nikiwa na kichwa kizito, kutafuta kivuli nikae nifikiri. Miezi yote ya kaskazi, kivuli cha mchana nilikuwa nikikipata upande wa nyumba unaotazama kibla, chini ya mchirizi, kwenye kibao changu cha kukalia. Nilikwenda hapo, nikamkuta shangazi ametandika jamvi lake la makopa ya muhogo palepale, na jua limelifunika jamvi zima. Nikauliza, kwa hasira kidogo, kwa nini ameanika mahali pa kivuli.

"Kivuli gani?" alisema. "Kusi hii. Kivuli kiko kule nyuma."

"Umelihamisha lini jamvi?"

"Masika yalipoanza kupungua. Kila mwaka nalihamisha. Kaskazi naanika kusini, kusi naanika kibla. Mama yangu akifanya hivyo, na mama yake." Alinigeuzia kipande cha muhogo mbele ya pua. "Jua linatembea, mwanangu. Kwani huko chuoni halikutembea?"

Nilisimama, na hapo, naona haya kukiri, fedheha haikuwa ya kwanza kufika. Ilifika furaha. Niliona kitu kizima kwa mara moja: sisi tupo chini kidogo tu ya ikweta, jua letu linapita juu ya vichwa na kuvuka, nusu ya mwaka linakaa kusini mwetu na nusu nyingine kaskazini, na paa letu la makuti, kwa mwinuko wake ule wa kiburi, linauelekeza ubavu mmoja kulikabili jua na ubavu mwingine kulikwepa, halafu mwezi wa sita zinabadilishana. Mwezi wa kumi na mbili nilikuwa nimepima kweli tupu. Ilikuwa kweli ya mwezi wa kumi na mbili. Nilikimbia chumbani, nikachora duara, nikachora paa, nikapiga pembe, na namba zikatoka karibu sawasawa na za daftari langu, mwezi kwa mwezi, kuanzia moja nukta nane hadi nukta sita. Nilipiga kelele. Shangazi alikuja mbio akidhani nyoka. Fedheha ilifika baadaye, wakati wa chai.

Jumamosi asubuhi nilikuwa Ukunda kabla maduka hayajafunguliwa. Fundi Salimu alikuwa akifagia mbele ya karakana yake. Nilimpa shikamoo, nikamwambia, "Fundi, ni kibla. Ulikuwa sahihi tangu mwanzo." Hakuonyesha mshangao wala furaha, alilaza ufagio ukutani kama mtu aliyesubiri gari na gari limefika. "Twende," alisema, "kabla Hamadi hajafika." Lakini tulimkuta Hamadi amekwishafika. Alikuwa amekaa ukumbini na begi kubwa jipya, tupu, limefunguliwa zipu, na shangazi amekaa mbele yake hajakunja nguo hata moja.

"Nani alizifunga hizi?" alisema Hamadi, alipotuona. "Kwenye ofisi yetu yuko mhandisi. Nimemwonyesha picha. Amecheka! Amesema zimegeuka nyuma mbele. Nani aliamua?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Kabla neno halijatoka fundi Salimu alivua viatu mlangoni, akaingia, akasema, "Nimekosea mimi, bwana Hamadi. Nimekuja kuzihamisha, na sitaki malipo. Mwalimu hesabu zake ni sawa, daftari lake nimeliona. Kosa ni la mkono, si la hesabu." Hamadi akamtazama, akanitazama, na mimi nikaufunga mdomo wangu. Nilitafuta kijiko.

Baadaye, nikiwa nimeishika ngazi na yeye yuko juu, nilimuuliza kwa sauti ya chini kwa nini. Alikuwa na misumari midomoni, akaitoa mmoja mmoja. "Hamadi akiniona mimi mjinga, atanidharau, basi. Kazi ipo palepale. Akiliona daftari lako la kijinga, atalirudisha begi lile likiwa limejaa. Mama yake hana kitu kingine cha kumwonyesha, ana hilo daftari tu." Kisha akaniomba vipande vya mbao. Hakuzifunga kwa kuzilaza juu ya bati kama mwanzo. Aliziinua upande wa chini kwa mbao zile, zikawa karibu bapa, zimeinamia kibla kidogo tu, kiasi cha mvua kuziosha. "Hivi kaskazi haitazinyima, na kusi itazipa," alisema. Ndicho nilichokuwa nimekipata kwenye karatasi yangu baada ya kurasa tatu. Yeye alikipima kwa jicho moja akiwa amelifumba lingine. Na ninyi mtauliza: sawa, siku ile ulinyamaza kwa ajili ya shangazi, na miaka yote iliyofuata? Nilikuwa nikisubiri kisa kisahauliwe. Watu wa pwani hawasahau kisa chenye kuchekesha.

Hamadi alitoa siku kumi na nne za majaribio: friji ikizima tena ndani yake, mama anahama. Begi aliliacha ukumbini, kwenye msumari, likining'inia pale kila tulipokula. Siku ya kwanza baada ya kuhamisha, namba ilikuwa moja nukta nne. Siku ya pili, moja nukta sita, katikati ya kusi, na shangazi mwenyewe ndiye aliyeisoma, kwa kuwa tangu siku ile alikataa kusomewa. Alinunua miwani kwa ajili hiyo. Kila magharibi alimpigia Hamadi simu, akamtajia namba bila salamu ndefu, akakata. Siku ya nane aliwasha tena taarifa ya habari. Nilianza kulala.

Halafu siku ya tisa mvua ikashuka, na ya kumi, na ya kumi na moja, mvua za kusi zinazokuja kutoka baharini na kukaa kama wageni wasiojua kuaga. Nukta saba. Nukta sita. Shangazi aliweka sheria ya friji: haifunguliwi ila kwa sindano. Alihamishia kigoda chake mbele yake na akakaa hapo akisuka ukili, kama askari wa benki. Mimi nilipiga hesabu ya betri mara tatu, na mara zote tatu jibu lilisema tutafika alfajiri, kama taa itawashwa moja. Siku hiyo ya kumi na moja, alasiri imeshapita, kioo kinasema nukta tano, simu ikalia. Haikuwa saa ya simu. Shangazi akaiweka sauti ya juu ili nisikie.

"Mama, friji imezima?"

"Salamu kwanza."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Haijazima."

"Namba?"

"Nukta tano, na magharibi bado."

Nyuma yake tukasikia sauti ya mkewe, Zainabu. "Muulize! Si umuulize!" Hamadi akasema ngoja. "Ningoje nini? Samaki wataoza wewe waona haya!"

Shangazi aliacha kusuka. "Hamadi, huko kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama. Stima tu. Imepotea tangu jana asubuhi, mtaa mzima. Wanasema transfoma."

Simu ikanyang'anywa. "Shikamoo Mama! Mama, tuna nguru mzima na changu kwenye friza, wanayeyuka, maji yamejaa sakafuni, na mwanao hataki kukuuliza. Kwako kuna nafasi?"

Nilimtazama shangazi nikitegemea kicheko, au maneno makali ambayo mimi nilikuwa nayo tayari mdomoni. Hakucheka. Alisimama, akafungua friji, akatia mkono, akagusa chupa ya kwanza mpaka ya mwisho, akafunga.

"Mrudishie Hamadi simu," alisema. "Hamadi, mwanangu. Dawa yangu iko hapa mbele yangu, ya baridi. Ningekuwa huko kwako leo, ingekuwa wapi?"

Mvua ilipiga bati.

"Ingekuwa kwenye ndoo, Mama," alisema. "Na barafu ningekuwa bado naitafuta." Akakohoa. "Kaa kwako. Neno la kuhama sitalirudia tena."

"Haya," alisema shangazi. "Nguru mkate vipande, friji yenyewe ndogo. Na mje mapema, leo nawasha taa moja."